Kanivali ya Venice inakufa kwa kukosa wenyeji

Kila mwaka kabla ya Kwaresima, watu humiminika Venice, Italia, kutazama kanivali ya barakoa. Wengi hukodi mavazi, hupiga picha kwenye uwanja wa San Marco, na jioni hupanda treni wakaenda zao. Wageni hawa hulaumiwa kwamba wameigeuza mila ya watu kuwa maonyesho. Kwa maoni yangu lawama hiyo inamwangukia asiyehusika. Barakoa ina kazi pale tu watu wanapojuana, na Venice inazidi kupungukiwa na watu wanaojuana.

Tazama vazi la bauta: joho, kofia ya pembe tatu na barakoa nyeupe iliyochomoza kidevuni. Uwazi uliobaki chini ya barakoa ulimwezesha mtu kula na kunywa bila kuivua, na sauti yake ikatoka imebadilika. Katika karne ya 18 bauta ilivaliwa miezi kadhaa ya mwaka. Katika Ridotto, nyumba ya kamari iliyofunguliwa kwa idhini ya serikali mwaka 1638, wachezaji walitakiwa kufunika nyuso. Kabaila na mfanyabiashara anayemdai walipishana kila siku kwenye vichochoro vilevile vyembamba. Nyuma ya barakoa waliweza kukaa meza moja na kila mmoja akapumua. Mgeni aliyefika asubuhi hana wa kumficha uso, kwani hakuna amjuaye.

Wapo watakaosema kanivali hii ni bidhaa ya utalii tangu hapo: ilififia baada ya Napoleon kuiangusha jamhuri mwaka 1797, ikaja kufufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni kweli ilikatika. Lakini ilipofufuliwa, mji wa kale ulikuwa bado na makumi ya maelfu ya wakazi zaidi ya ulio nao leo. Mwaka 1951 walikuwa zaidi ya 170,000. Sasa hawafiki 50,000. Wengine watasema utalii ndio riziki ya mji, nami sibishi. Ila riziki hiyo inamfikia nani? Fundi wa barakoa hufinyanga sura kwa udongo, akatoa kalibu ya plasta, akabandika humo tabaka za karatasi yenye gundi, akasubiri zikauke ndipo apake rangi. Hatua chache kutoka mlangoni pake zinauzwa za plastiki zilizoagizwa nje, kwa bei asiyoweza kuifikia hata akikesha.

Mwaka 2024 mji ulianza kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 kwa siku maalumu. Tozo hiyo haimpi mwenyeji hata chumba kimoja. Tangu 2022 sheria ya Italia imeipa halmashauri ya Venice uwezo wa kuweka kikomo kwa nyumba zinazopangishwa watalii kwa siku chache. Uwezo huo utumike sasa, tena bila woga, ili vijana wa pale wapate pa kupanga. Na mgeni anayeipenda kanivali kwa dhati alale hotelini, aziache nyumba za mtaani kwa wenyewe, na barakoa yake ainunue kwa fundi aliyeitengeneza.