Sauti ya Tatu Katika Chumba cha Daktari: Barua kutoka Ughaibuni

Kwa ndugu, jamaa na marafiki walio nyumbani, wazima na wagonjwa,

Barua hii inahusu jambo ambalo linaweza kuitwa uamuzi shirikishi wa tiba, yaani utaratibu ambao daktari huleta ujuzi wake wa ugonjwa na wa njia za kuutibu, mgonjwa naye akaleta ujuzi wa maisha anayoyaishi, kazi yake, hofu zake na kile ambacho hayuko tayari kukipoteza, kisha wawili hao wakafikia uamuzi ambao kila mmoja anaweza kueleza sababu zake. Utaratibu huo hauko sawa na ridhaa, ambayo ni kukubali kwa sahihi au kwa dole gumba jambo ambalo kwa kawaida limekwisha kuamuliwa. Ridhaa huja mwishoni, ilhali uamuzi shirikishi huanza mapema, wakati njia bado ni zaidi ya moja. Wala hauhitajiki kila mahali kwa kiwango kilekile, kwa kuwa mtu aliyeletwa akivuja damu baada ya ajali, au mtoto aliyezimia kwa malaria kali, anahitaji kutibiwa upesi na maelezo marefu yanaweza kungoja. Uwanja wake hasa ni yale maradhi ambayo sayansi imekwisha kusema yote iliyo nayo kuyahusu, na bado haijatoa jibu moja linalomfaa kila mtu.

Mfano unaostahili kuchunguzwa kwa kina ni saratani ya tezi dume, ugonjwa ambao wanaume weusi wanaoishi Uingereza wanaufahamu kuliko wanavyopenda: katika nchi hiyo mwanamume 1 kati ya 8 hugunduliwa kuwa nao wakati fulani maishani, na kwa wanaume weusi ni 1 kati ya 4. Utafiti mkubwa wa Uingereza ujulikanao kwa jina la ProtecT uliwafuatilia wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa haijatoka nje ya tezi, wakagawanywa bila upendeleo katika makundi matatu: la upasuaji wa kuondoa tezi, la mionzi, na la ufuatiliaji wa karibu, ambamo mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara na kutibiwa pale tu ugonjwa unapoonyesha dalili za kusonga mbele. Matokeo ya miaka 15, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalionyesha kwamba waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 45, sawa na asilimia 2.7, na kwamba idadi katika makundi matatu zilikaribiana mno kiasi kwamba haiwezekani kusema njia moja iliokoa maisha kuliko nyingine. Tofauti zilijitokeza kwingineko. Miezi sita baada ya kuanza utafiti, karibu nusu ya waliopasuliwa walikuwa wakivaa pedi kwa kushindwa kuzuia mkojo, wakati katika makundi mengine mawili hali hiyo iliwapata kama 1 kati ya 20. Nguvu za kiume nazo ziliathirika zaidi kwa waliopasuliwa. Na kwa upande wa pili, baada ya hiyo miaka 15, saratani ilikuwa imesambaa mwilini kwa asilimia 9.4 ya waliokuwa wakifuatiliwa, ambayo ni kama maradufu ya waliopasuliwa au kupigwa mionzi.

Takwimu hizo zikiwekwa mbele ya wanaume watatu wenye umri mmoja na ugonjwa wa kiwango kimoja, zinaweza kuzaa maamuzi matatu tofauti, na yote yakawa sahihi. Dereva wa masafa marefu ataupima mkojo usiozuilika kwa namna yake. Mtu anayeshika swala tano ataufikiria udhu wake kabla ya kufikiria kitu kingine. Na mwingine ambaye hawezi kulala akijua kwamba saratani imo mwilini mwake ataona kwamba pedi ni bei ndogo ya kulipia usingizi. Daktari bingwa hawezi kuyajua hayo kwa kutazama picha za vipimo, kwa hiyo asipouliza, huwa anaamua akiwa na nusu ya taarifa tu, hata kama nusu hiyo ni ile ngumu kuipata. Inafaa iongezwe, kwa haki, kwamba washiriki wa utafiti huo karibu wote walikuwa Wazungu, jambo ambalo mgonjwa mweusi anastahili kuambiwa kabla ya kuzipokea namba hizo kama zake.

Uingereza yenyewe haikuufikia utaratibu huu kwa wema wa madaktari peke yake. Kwa miongo mingi, tangu kesi ya Bolam ya mwaka 1957, mahakama zilimpima daktari kwa kipimo cha madaktari wenzake, hivi kwamba ikiwa kundi la kuheshimika la wanataaluma lingekaa kimya kuhusu hatari fulani, naye alikuwa na haki ya kukaa kimya. Kipimo hicho kiling’olewa katika suala la kumweleza mgonjwa tarehe 11 Machi 2015, katika kesi ya Nadine Montgomery wa Scotland, mwanamke mfupi wa kimo na mwenye kisukari, ambaye mwaka 1999 alijifungua mtoto aliyekwama mabega wakati wa kuzaliwa, akakosa hewa na kupata mtindio wa ubongo. Kwa mama mwenye kisukari uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama ulikuwa asilimia 9 hadi 10, lakini hakuambiwa, kwa sababu daktari wake aliona kwamba wanawake wakielezwa hatari hiyo wangeomba kujifungua kwa upasuaji, na kwamba upasuaji haukuwa na manufaa kwao. Mahakama ya Juu ilisema kwamba daktari ana wajibu wa kueleza kila hatari ambayo mtu mwenye akili timamu, akiwa katika nafasi ya mgonjwa huyo, angeiona kuwa na uzito, pamoja na njia mbadala zinazokubalika. Na ingawa hukumu nyingine ya mwaka 2023 imewaachia madaktari kazi ya kupambanua njia zipi zinakubalika kitaalamu, msingi ule haukuguswa.

Kuna jambo dogo katika kumbukumbu za kesi ya Montgomery ambalo pengine linafundisha kuliko sheria yenyewe. Bi Montgomery alikuwa mhitimu wa chuo kikuu katika sayansi ya baiolojia, na mama yake na dada yake wote wawili walikuwa madaktari. Alikuwa ameeleza wasiwasi wake kuhusu ukubwa wa mtoto. Na bado hatari yenyewe hakuambiwa. Dhana iliyozoeleka, kwamba mgonjwa hushindwa kushiriki kwa sababu ya kukosa elimu, haitoshi basi kueleza kinachotokea ndani ya chumba cha daktari. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulisikiliza kanda za mazungumzo 1,057 kati ya madaktari na wagonjwa wao, ukahesabu maamuzi 3,552, na kukuta kwamba ni asilimia 9 tu ya maamuzi hayo yaliyotimiza masharti ya mgonjwa kuelezwa na kuulizwa ipasavyo. Mwingine wa mwaka 2012, uliowahoji watu 48 wa California ambao kwa sehemu kubwa walikuwa na kipato na elimu nzuri, ulieleza kwa nini: wengi walitaka kushiriki, lakini waliogopa kuonekana wasumbufu, wakihisi kwamba daktari aliyeudhika angeweza kupunguza bidii yake wakati wanapomhitaji zaidi. Ikiwa mtu mwenye bima, gari na shahada anaingiwa na woga huo katika lugha aliyozaliwa nayo, haishangazi kwamba mama wa Kikongo aliyehamishiwa Marekani kama mkimbizi, anayezungumza na daktari kupitia sauti ya mkalimani kwenye simu, huitikia ndiyo kwa kila swali na kuondoka na karatasi asiyoielewa.

Wapo pia wagonjwa wanaomwambia daktari aamue yeye, kwa kuwa ndiye aliyesomea, na si haki kuwahesabu kuwa wamenyimwa kitu. Kukabidhi uamuzi ni uamuzi, mradi mkabidhi ajue anachokabidhi. Kosa liko pale ambapo uamuzi unachukuliwa kabla mwenyewe hajajua kwamba ulikuwepo.

Haitakuwa kweli kusema kwamba mambo haya ni mageni nyumbani, Afrika Mashariki. Kliniki ya uzazi wa mpango, inapofanya kazi yake vizuri, ni shule kamili ya uamuzi shirikishi: muuguzi hupanga mezani vidonge, sindano, vijiti, kitanzi na kondomu, humuuliza mama kama ananyonyesha, kama anataka mtoto mwingine na lini, humweleza maudhi ya kila njia, kisha humwacha achague, na siku ambayo stoo imebaki na sindano peke yake, mama mwenyewe hutambua kwamba kilichokosekana ni uchaguzi. Ushauri nasaha kabla ya kupima virusi vya ukimwi ulijengwa juu ya msingi huohuo. Kwa upande wa sheria, Kenya ilitunga Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inayomtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo kwa ujumla, manufaa, hatari na gharama zake, pamoja na haki ya kukataa, na kufanya hivyo kila inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Kwa nini basi utaratibu unaojulikana vyema katika chumba cha uzazi wa mpango hupotea mgonjwa anapovuka ua na kuingia wodi ya upasuaji? Foleni ndefu ni sehemu ya jibu, lakini si jibu lote, maana foleni ya kliniki ya akina mama si fupi.

Sehemu ya jibu iko ughaibuni, na ndiyo sababu ya barua hii kuandikwa. Katika familia nyingi za Afrika Mashariki, bili kubwa ya hospitali hulipwa kwa mchango, na fungu zito la mchango hutoka kwa mtu aliye Leeds, Minneapolis au Muscat, ambaye kwa sababu hiyo hupigiwa simu kabla ya mgonjwa kuulizwa. Mtu huyohuyo, ambaye huko aliko angekasirika kama daktari angezungumza na kaka yake badala ya kuzungumza naye, hutoa amri kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp: mzee ahamishwe hospitali, apelekwe India, asikatwe, au asiambiwe. Agizo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Jamaa humwomba daktari afiche neno saratani, mgonjwa huelezwa kwamba ana uvimbe au vidonda, na wote huita hilo huruma, ingawa mgonjwa aliyefichwa jina la ugonjwa wake hana njia yoyote ya kuchagua tiba yake, wala ya kugawa shamba, kulipa deni au kumwita mtoto aliyekosana naye.

Saratani ya tezi dume huonyesha tatizo hilo kwa ukali zaidi nyumbani, ambako wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, na swali kuwa lingine kabisa. Kwa kuwa saratani hiyo huchochewa na homoni ya kiume, tiba ni kuizima homoni hiyo, ama kwa sindano zinazochomwa kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu, mara nyingi kwa maisha yote, ama kwa upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, ambao hufanywa mara moja na gharama yake ikaishia hapo. Uwezo wa njia hizo mbili wa kuudhibiti ugonjwa unakaribiana. Kinachotofautiana ni mwili utakaobaki, safari za hospitali na fedha, navyo vyote vitatu ni vya mzee mwenyewe. Mwanawe aliye mbali, kwa aibu iliyo yake zaidi kuliko ya baba, hutamka kwamba mzee hatakatwa na kwamba sindano atazilipia. Wanaomzunguka mgonjwa hushukuru. Na daktari, anayefahamu nani analipa, huandika sindano. Huenda mzee naye angechagua hivyohivyo. Lakini pia huenda, akiwa na umri wa miaka 75, amekwisha kupata wajukuu, na anaishi mbali na hospitali yenye dawa hizo, angependa jambo liishe kwa siku moja asimtegemee mtu.

Mwenye kutuma fedha anaweza kuanza kwa kuomba azungumze na mgonjwa kabla ya kuzungumza na daktari, na kumuuliza ameambiwa anaumwa nini, njia zipi ametajiwa, nini kitatokea kama hakuna lolote litakalofanywa, na ipi kati ya hizo anaiona inafaa. Majibu yakikosekana, mtu wa kurudishiwa maswali ni daktari, mgonjwa akiwa palepale anasikia. Walio nyumbani nao wanaweza kumkatalia mtu wa ughaibuni kwa adabu, hata kama ndiye mlipaji, pindi anapotaka jambo ambalo mgonjwa hajaliafiki. Na kuhusu zile sindano, ahadi yake ni ahadi ya miaka: kazi hupotea, vibali vya kuishi huisha, na sindano zikikatika homoni kwa kawaida hurudi na kuichochea saratani upya. Kwa hiyo anayeahidi kuzilipia anapaswa kumweleza mzee, kwa mdomo wake mwenyewe, ana uhakika wa kulipa kwa muda gani, kwa sababu hiyo nayo ni taarifa anayoihitaji ili achague, na katika chumba kile daktari hana namna ya kuijua.