Nani Mwenye Haki ya Kupumzika?

Msimu wa mvua ukianza hapa Kinampanda, Novemba au Desemba, hakuna mtu anayethubutu kuzungumza habari za mapumziko mpaka Aprili. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka. Mtama, mahindi na alizeti havimngojei mtu. Mwalimu aliyefundisha asubuhi huonekana shambani jioni, na mkulima huondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza. Juu ya hayo yote sisi viongozi huongeza vikao.

Nayasema haya nikiwa mmoja wa wanaoviitisha vikao hivyo. Mwaka jana tabibu alinipima shinikizo la damu, akaniuliza ni lini nilikaa nyumbani siku nzima kwa mara ya mwisho. Sikuwa na jibu. Mke wangu, aliyeketi kando, alisema kwamba naye kwa upande wake haikumbuki siku ya namna hiyo, ila hakuna aliyepata kumwuliza. Neno lake ndilo lililonishikisha kalamu.

Taifa letu halina upungufu wa kaulimbiu za kazi. Tulikuwa na Uhuru na Kazi mwaka 1961, Siasa ni Kilimo mwaka 1972, na Hapa Kazi Tu mwaka 2015. Ya mapumziko sijapata kuisikia, labda ile ya vijana ya "kazi na dawa", ambayo dawa yake, mara nyingi, huuzwa kilabuni. Hata hivyo isidhaniwe kwamba Azimio la Arusha la 1967 lilihimiza kazi bila kutazama ni nani anayeifanya. Anayelisoma upya ataikuta hesabu yote: mfanyakazi wa mjini, saa zipatazo 45 kwa juma, mwanamke wa kijijini, saa 12 au hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, na mwanamume wa kijijini, bila kufichwa, ni mtu aliye likizoni nusu ya maisha yake. Ni kweli Azimio liliona saa 45 kuwa chache kwa nchi changa. Lakini kilichokemewa kwa ukali zaidi ni kwamba wengine walikuwa wakipumzika kwa jasho la wengine.

Je, leo hali ikoje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeziweka saa zile zile 45 kuwa kikomo cha kawaida kwa juma, zisizozidi 9 kwa siku. Inampa mfanyakazi pumziko la saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 kila mwaka. Ni sheria njema, ingawa simu ya mkononi imeanza kuitoboa: mwalimu huagizwa takwimu saa nne za usiku na kutakiwa azilete alfajiri. Huyo walau ana sheria ya kuishika mkononi. Mwanamke wa kijijini atamshtaki nani? Mwajiri wake ni jembe, kuni, ndoo ya maji na, tuseme kweli, mumewe. Mavuno yakiisha kuingia ghalani, mwanamume huhesabu kwamba msimu umekwisha, akaketi kwenye bao tangu saa nne ya asubuhi. Kwa mkewe kiangazi ndicho kinachozidisha kazi, kwani visima vya karibu hukauka na safari ya maji hurefuka.

Sisemi kwamba bao ni uvivu. Mwalimu Nyerere alilipenda, na tena, akiwa na nchi nzima mabegani, alipata nafasi ya kumfasiri Shakespeare: Juliasi Kaizari ikatoka 1963, na Mabepari wa Venisi 1969. Hata chuoni tulikosomea Kurani, maalimu wetu, ambaye fimbo yake bado naikumbuka, alitufungulia Alhamisi adhuhuri tusirudi mpaka Jumamosi. Alijua kwamba kichwa cha mtoto kina kipimo chake.

Mwili nao una kipimo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma yumo katika hatari ya kupatwa na kiharusi inayozidi kwa asilimia 35 ile ya mtu wa saa 35 hadi 40. Vifo vilivyotokana na saa hizo ndefu mwaka 2016 vilikadiriwa kuwa 745,000 duniani. Sasa msomaji na apige hesabu: saa 12 mara siku 7 ni 84. Na wataalamu wale walikuwa wakihesabu kazi za kipato. Ndoo na kuni havikuwamo.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili waliketi katika vikundi kuisikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Haikungojewa bajeti kubwa. Kama iliwezekana kuwakusanya watu kwa ajili ya vyoo, sioni kwa nini wanaume wa kijiji kimoja wasikubaliane kwamba wakati wa kiangazi maji yatachotwa kwa zamu, na baiskeli zilizoegemezwa penye bao zikafanya kazi hiyo.

Kwa upande wetu wa vikao, tumeanza kidogo. Kikao chetu kilichopangwa Jumapili alasiri kimehamishwa baada ya mjumbe mmoja mwanamke kueleza kwamba hiyo ndiyo saa yake ya kupumzika. Mwenyekiti alimwuliza kwa uungwana huwa anapumzikaje. Alijibu kwamba saa hiyo ndipo anapofua nguo za watoto, na kazi hiyo huifanya akiwa ameketi.