Uso uliovunjika hausubiri foleni ya picha

LORI lilipowagonga wachuuzi na abiria katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, Juni 30, 2023, zaidi ya watu 50 walifariki na taifa zima likaomboleza. Lakini kuna majeruhi wasiotangazwa: mwendeshaji bodaboda asiyevaa kofia ngumu, au abiria wake, anayefikishwa hospitalini taya na mashavu yakiwa yamevunjika.

Kwa majeruhi kama huyo, eksrei ya kawaida haitoshi. Huonyesha mifupa yote ya uso ikiwa imelaliana katika picha moja, hivyo ufa wa tundu la jicho waweza kufichika. Mashine ya CT, iliyotumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza jijini London mwaka 1971, hupiga picha za vipande vyembamba ambavyo kompyuta huviunganisha. Daktari huona mfupa uliozama, na anaweza kuutumia upande mzima wa uso kama kielelezo cha kuukarabati ule uliovunjika.

Muda nao ni adui. Baada ya takriban wiki mbili, mifupa ya uso huanza kushikana ilivyo. Ikishikana vibaya, huenda ikabidi ivunjwe upya, na mgonjwa aweza kubaki akiona vitu viwiliviwili au akitafuna kwa shida.

Mwaka 2015, serikali kuu ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, vikiwemo vya picha, kwa hospitali mbili katika kila kaunti. Kamati ya Seneti iliyouchunguza ilieleza mwaka 2020 kwamba baadhi ya vifaa vilikaa bila kutumika. Palikosekana wataalamu na miundombinu.

Hilo ndilo funzo kwa Kericho na Bomet. Hospitali ya kimisheni ya Tenwek, iliyoanzishwa mwaka 1937, huwafunza madaktari wa upasuaji papo hapo Bomet. Hata hivyo, daktari hodari bila picha hupapasa gizani, na picha bila msomaji ni karatasi tu. Kaunti hizi jirani zaweza kuajiri kwa pamoja wataalamu wa kusoma picha, ambazo siku hizi hutumwa kwa intaneti, na kutenga fedha za ukarabati wa mashine.

Wahenga walinena: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mashine nayo hulelewa. Isipolelewa, mchuma chai atapewa rufaa ya Eldoret au Nairobi, atafute nauli kwanza, huku mifupa ikiendelea kushikana.