Imani Isiyotamkwa

Mtu ajuaye kwamba daraja limechukuliwa na maji hawezi kunyamaza amwonapo jirani yake akilielekea. Wakristo wengi husadiki kwamba Injili ni wokovu wa watu wote. Lakini huinena Jumapili kanisani, na siku sita hufumba vinywa. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1846, akakaa hata 1875. Katika miaka hiyo 29 waliobatizwa huko Rabai walikuwa wachache mno, naye macho yakamharibikia. Walakini uchache wao haukumfanya aiache kazi. Basi Mkristo anyamazaye mbele ya jirani yake na ajiulize: je, ni haya tu imzuiayo, ama moyoni mwake hasadiki?