Ring of Kerry sio hija, jamani!

Nimepotea kidogo, zamu zilinibana. Leo nimerudi na nimekasirika, kwa hiyo mnivumilie.

Juzi kanipigia shosti wangu mmoja, nesi mwenzangu, Mkenya wa Kisumu, tunafanya kazi jiji moja hapa Dublin. Ana furaha, amepata siku tatu za mapumziko. Mpango wake ndio huu: Ijumaa saa mbili asubuhi anatoka zamu yake ya tatu ya usiku, anaingia moja kwa moja kwenye gari la kukodi mpaka Killarney. Jumamosi anazunguka Ring of Kerry yote. Jumapili asubuhi anazunguka Dingle, mchana anavuka na kivuko cha Tarbert kwenda kuona Cliffs of Moher, usiku anarudi Dublin, na Jumatatu asubuhi yuko wodini anapokea ripoti ya wagonjwa.

Nikamuuliza, dada, hiyo ni likizo au ni adhabu? Akanijibu: "Sasa wewe, miaka minne niko Ireland sijaona Ring of Kerry, watu wa nyumbani nitawaambia nini?"

Hapo ndipo nilipokasirika. Sio kwa ajili yake, kwa ajili yetu sote. Maana sisi tulio huku tuna ugonjwa mmoja: hatuchagui barabara kwa sababu tunaitaka, tunaichagua kwa sababu jina lake ni kubwa na picha yake itaonekana kwenye simu ya binamu. Tunakwenda kama watu wanaotimiza nguzo ya dini. Ring of Kerry sio hija, jamani. Usipoiona hakuna atakayekudai.

Na msidhani nasema kwa wivu. Mwaka 2023 mimi mwenyewe nilifanya ujinga huo huo. Nilitoka zamu ya usiku, nikalala saa mbili tu, nikashika usukani. Dublin mpaka Killarney ni kama kilomita 300. Kesho yake tukaanza duara lenyewe, ambalo ni kilomita 179. Mabasi ya watalii yote yanazunguka upande mmoja, yanatoka Killarney kwa njia ya Killorglin, Cahersiveen, Waterville, Sneem, Kenmare, halafu yanarudi. Nikajikuta nyuma ya mojawapo, na kulipita huwezi, maana barabara ni nyembamba na kona hazikupi nafasi. Tukifika mahali pazuri pa kusimama, abiria wa basi wameshashuka wamejaa. Nikirudi nyumbani nikafungua simu, picha kumi na nne zina mgongo wa basi.

Hilo ni la kuchekesha. Lisilochekesha ni hili. Jioni, tumeshaiacha Kenmare, tunapanda milima kuelekea Moll's Gap, macho yakafunga. Sekunde mbili, labda tatu. Mume wangu akapiga ukelele "Mama watoto!" nikazindukia kioo cha pembeni kikikwaruza ukuta wa mawe. Kioo tulilipa, shukrani kwa Mungu tulilipa kioo tu. Watoto walikuwa wamelala kiti cha nyuma, hawakujua kitu mpaka leo.

Sisi manesi tunajua kabisa. Watafiti walishapima: mtu aliyekaa macho kwa saa 17 anaendesha kama mtu mwenye miligramu 50 za pombe katika kila mililita 100 za damu. Na hicho ndicho kikomo cha sheria hapa Ireland kwa dereva wa kawaida. Akiletwa mlevi aliyegonga ukuta tunamsema chumba kizima. Lakini nesi anatoka zamu ya usiku, hajalala, anaendesha kilomita 300 kwa ajili ya picha, tunamwambia "hongera, enjoy". Mbona hatuoni haya?

Sasa twende kwenye hoja yenyewe. Kama una siku mbili tatu tu, acha Ring of Kerry, nenda Dingle, zunguka Slea Head Drive, na usizunguke kingine chochote.

Piga hesabu mwenyewe. Ring of Kerry ni kilomita 179. Bila kusimama popote ni kama saa tatu na nusu za usukani. Simama mara sita, nusu saa nusu saa, kula, tafuta choo cha watoto, siku imekwisha na umeona kidogo kidogo. Slea Head Drive ni duara la kilomita 47 tu. Linaanzia mji wa Dingle na linaishia hapo hapo. Unaweza kulipa siku nzima kilomita 47! Unashuka, unakaa juu ya jiwe, watoto wanakimbia, unatazama Atlantiki mpaka uchoke mwenyewe. Unakwenda kwa kufuata mshale wa saa, na bahari inakuwa kushotoni kwako, upande uleule unaoendeshea, kama kule nyumbani. Mbele kidogo kuna mahali maji ya kijito yanapita juu ya barabara na gari linayakanyaga. Wanangu walitaka turudie mara tatu.

Halafu angalia vibao. Huko ni eneo wanalozungumza Kiairishi, kwa hiyo usitegemee kuona "Dingle" kwenye kila kibao, tafuta pia "Daingean Uí Chúis". Kwingine kibao cha kumpisha mwenzako kimeandikwa kwa Kiingereza, kule kimeandikwa "Géill Slí". Nilifurahi sana, wacheni niseme ukweli. Sisi wa Kiswahili tunajua raha ya kusoma barabara kwa lugha ya wenyewe.

Lakini sababu yangu kubwa ni Dunquin. Ukifika pale, ng'ambo ya mkondo unakiona kisiwa cha Great Blasket, na ukikaza macho unaona kuta za nyumba zisizo na mapaa. Kulikuwa na kijiji pale. Wavuvi wa pale waliandika vitabu, mmoja ni Tomás Ó Criomhthain, kitabu chake kilitoka mwaka 1929. Vijana wakaanza kuondoka, wengi wakaenda Marekani, mji wa Springfield, Massachusetts. Ukihesabu miaka, watu wanapungua tu. Krismasi ya 1946 kijana mmoja akaugua homa ya uti wa mgongo. Bahari ilichafuka, daktari hakuweza kuvuka. Mwezi Januari 1947 akafa. Mwaka 1953 serikali ikawahamisha waliobaki, watu 22, wakaja kuishi bara, wakikitazama kisiwa chao kutoka upande wa pili.

Mimi nimezaliwa Mafia. Najua maana ya mgonjwa kusubiri bahari itulie. Mama yangu mdogo alikaa Kilindoni siku mbili na uchungu, kusi linavuma, chombo cha kumvusha kwenda Nyamisati hakitoki. Tulimpata yeye, mtoto hatukumpata. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na ndio sababu nikasomea unesi. Nilikaa juu ya ukuta pale Dunquin nikalia kama mtoto, mume wangu akawachukua wanangu akawapeleka kuangalia kondoo, akaniacha. Tulikaa pale saa mbili nzima. Niambieni, ni basi gani la watalii litakusubiri saa mbili? Na kama ningekuwa na kilomita 130 nyingine za kumaliza kabla ya giza, ningekaa?

Hilo ndilo ninalolipigania. Watu waliohama kama sisi, waliotuma dola kama tunavyotuma sisi, hadithi yao imeandikwa kwenye mawe yale, na sisi tunapita mbio tukiwahi duara lenye jina. Ukitoka Dunquin kuna jumba la kumbukumbu za kisiwa, lipo tangu 1993, ingieni, lina picha zao na maneno yao.

Najua mtakayosema. Wa kwanza atasema: "Dada, unaiponda Ring of Kerry, mbona ina Skellig Michael?" Siipondi. Skellig iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1996 na watawa waliojenga vile vibanda vya mawe juu ya mwamba ni watu wa kuvuliwa kofia. Kuna Valentia, ulikolazwa waya wa kwanza wa simu ya maandishi kuvuka Atlantiki mwaka 1858. Ni mambo makubwa. Ndio maana nasema ukienda, nenda na siku zake. Lala Portmagee au Waterville. Zunguka kile kiduara kidogo cha Skellig Ring ambacho mabasi makubwa hayaingii. Boti za kisiwani haziendi msimu wa baridi, na hata kiangazi bahari ikikataa imekataa. Vitu hivyo havitaki mtu mwenye haraka. Na kama shida ni kuiona Skellig kwa mbali tu, siku anga ikiwa safi unaiona hata kutoka Slea Head.

Wa pili atasema: "Basi tuachane na Kerry, twende kaskazini, Causeway Coastal Route, ni nzuri na ni karibu na Dublin." Ni nzuri kweli. Lakini wewe mwenye pasi ya Tanzania au Kenya na kibali cha kuishi Ireland, kumbuka ile ni Uingereza. Mpakani hakuna geti wala askari, ndio maana watu wanadanganyana. Sheria inakutaka uwe na viza ya Uingereza. Kibali ulichokihangaikia miaka yote usikiweke rehani kwa ajili ya mawe ya Giant's Causeway, hata yawe mazuri vipi. Tafuta viza kwanza, mawe hayahami.

Wa tatu, na huyu ndiye namwogopa, atasema: "Siku zenyewe ni chache, lazima tuzibane." Ndugu yangu, siku zikiwa chache ndio unapunguza safari. Mgonjwa mwenye mwili dhaifu humuongezei dozi. Wewe umetoka zamu tatu za usiku, mgonjwa ni wewe.

Mwaka jana tulifanya hivi. Nilitoka zamu, nikalala siku nzima nyumbani. Kesho yake tukaendesha taratibu, mume wangu na mimi tukibadilishana. Tukalala Dingle usiku mbili. Siku ya katikati kilomita 47, basi. Hatukuona Cliffs of Moher, hatukuona Killarney. Nilirudi kazini Jumatatu, mwenzangu akaniuliza mbona sura imekunjuka.

Mama yangu aliponipigia kutoka Mafia hakuuliza nimezunguka duara gani. Aliuliza watoto wamekula nini, na bahari ya huko ikoje. Nikamweleza habari za kile kisiwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe na wao." Maneno mawili matatu tu hayo. Watu wa nyumbani tunaowaogopa hivyo, wengi wao hata hilo jina la Kerry hawajawahi kulisikia.

Shosti wangu wa Kisumu, najua unasoma. Ijumaa ukitoka zamu usiende kuchukua gari. Njoo kwangu, nitakupikia wali wa nazi, utalala, na Jumamosi asubuhi mume wangu atakupeleka mwenyewe. Barabara ni moja tu, uchague wewe.

Naomba kutoa hoja. Tukijaliwa, tutaonana wiki ijayo.