Saa 18 zinazoamua uhai wa mtoto mchanga

KWA takriban miongo miwili, Tanzania imepiga hatua ambayo haiwezi kubezwa katika kuokoa maisha ya watoto. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, vifo vya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 112 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika utafiti wa mwaka 2004/05, hadi 43 katika ule wa mwaka 2022. Chanjo, vyandarua vyenye dawa na tiba bora ya malaria vimefanya kazi yake.

Hata hivyo, ndani ya takwimu hizo hizo limo kundi lililoachwa nyuma. Vifo vya watoto wachanga, yaani wale wanaofariki katika siku 28 za mwanzo, vilikuwa 32 kwa kila 1,000 katika utafiti wa mwaka 2004/05, vikawa 26 mwaka 2010, 25 mwaka 2015/16 na 24 mwaka 2022. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya watoto wanaofariki kabla ya kutimiza miaka mitano hawafikishi hata mwezi mmoja. Lengo la dunia, ambalo Tanzania imeliridhia, ni kutozidi vifo 12 ifikapo mwaka 2030.

Kinachofanya jambo hili liwe zito zaidi ni kwamba kina mama wameitikia wito. Mwaka 2004/05 chini ya nusu ya waliojifungua, asilimia 47, walijifungulia katika vituo vya afya. Mwaka 2022 kiwango hicho kilifikia asilimia 81. Lawama ya miaka mingi kwamba mama hujifungulia nyumbani imepungua nguvu. Mama amekwishafika hospitali. Swali lililobaki ni nini kinamkuta mtoto wake baada ya kufika.

Kuzaliwa kabla ya wakati, kushindwa kupumua wakati wa kuzaliwa na maambukizi ndizo sababu kubwa zinazotajwa na wataalamu duniani kote. Kati ya hizo, maambukizi yanayoanza mapema ndiyo ambayo mara nyingi hutoa taarifa saa nyingi kabla mtoto hajalia kwa mara ya kwanza.

Yanaanzia kwa mama

Madaktari huuita ugonjwa huu sepsisi ya mapema: bakteria huingia katika damu ya mtoto na kusambaa mwilini ndani ya saa 72 za mwanzo, ingawa baadhi ya wataalamu huhesabu hadi siku saba. Tofauti na maambukizi ya baadaye, ambayo mtoto huweza kuyapata kutoka mikononi mwa watu, kwenye vifaa vya wodini au kwenye kitovu kisichotunzwa, haya ya mapema kwa kawaida hutoka kwa mama, kabla ya kujifungua au wakati wa kujifungua.

Chupa ya uzazi ndiyo ngome ya mtoto. Ikiwa nzima, bakteria wanaoishi katika njia ya uzazi, ambao mara nyingi hawamdhuru mama, hawana njia rahisi ya kupanda juu. Ikipasuka, mlango umefunguka, na kila saa inayopita kabla ya mtoto kutoka ni nafasi kwa bakteria hao. Mpaka unaotumika zaidi katika miongozo ya tiba ni saa 18.

Sababu nyingine za hatari nazo zinajulikana. Homa ya mama inayozidi nyuzi joto 38 wakati wa uchungu ni mojawapo. Maji ya uzazi yenye harufu mbaya au usaha ni nyingine. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, na mwenye uzito wa chini ya kilo 2.5 wako katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa kinga ambayo mama humpatia mtoto hupita kwa wingi katika wiki za mwisho za ujauzito. Maambukizi ya njia ya mkojo yasiyotibiwa, pamoja na kupimwa njia mara nyingi baada ya chupa kupasuka, huongeza hatari hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo hicho kifanyike kila baada ya saa nne katika hatua ya kwanza ya uchungu uliokolea, si kila mhudumu anapopita kitandani.

Hesabu isiyohitaji mashine

Chukua mfano wa mama ambaye chupa yake imepasuka saa mbili usiku akiwa nyumbani. Uchungu haujakolea, usafiri ni wa shida, anasubiri kukuche. Anafika zahanati saa nne asubuhi, na hapo saa 14 zimekwishapita. Ikifika saa nane mchana bila kujifungua, zimetimia 18.

Iwapo mkunga atamuuliza mama huyo chupa ilipasuka lini na kuandika jibu, mtoto atakapozaliwa jioni atajulikana kuwa yumo hatarini. Iwapo ataandika saa aliyofika badala ya saa ambayo chupa ilipasuka, mtoto huyo huyo ataonekana kuwa salama.

Tofauti hiyo si ya makaratasi tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza kwamba mtoto ambaye chupa ya mama yake ilipasuka zaidi ya saa 18 kabla ya kuzaliwa, au mama yake alikuwa na homa ya zaidi ya nyuzi joto 38, au maji ya uzazi yalikuwa na harufu mbaya, apewe ampisilini na jentamaisini kwa siku mbili angalau hata kama haoneshi dalili, kisha hali yake itazamwe upya. Uamuzi wa kumpa au kutompa unategemea taarifa ambazo mama pekee ndiye anazo, pamoja na kipimajoto.

Kusubiri dalili ni kucheza na muda. Mtoto mchanga mwenye sepsisi huweza asiwe na homa kabisa; wengine hupoa. Ananyonya kidogo au anaacha, analegea, anapumua haraka kupita mara 60 kwa dakika, au anapata degedege. Kipimo cha kuotesha bakteria kutoka kwenye damu huchukua siku kutoa majibu, na hakipatikani katika zahanati.

Somo kutoka Mwanza

Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2010, ulifuatilia watoto wachanga 300 waliokuwa na dalili za sepsisi. Kati yao, 121 waliugua mapema. Watoto 57, sawa na asilimia 19, walifariki. Miongoni mwa mambo yaliyoashiria kwamba bakteria wangekutwa kwenye damu yalikuwa kupasuka kwa chupa kabla ya wakati na maji ya uzazi yaliyochanganyika na kinyesi cha mtoto.

Utafiti huo ulibainisha jambo jingine la kutisha: karibu nusu ya bakteria wa kundi la gramu hasi hawakuuawa na dawa za kizazi cha tatu cha sefalosporini, ambazo hutumika pale dawa za kawaida zinaposhindwa. Hivyo kumpa kila mtoto sindano kwa tahadhari si jibu, kwa kuwa huko ndiko kunakozalisha bakteria sugu. Kutompa yeyote ni kuwaacha wengine wafe. Kinachobaki ni kuchagua kwa usahihi, na huwezi kuchagua bila taarifa.

Wapo waliotafuta njia fupi. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi saba, zikiwamo Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kutangazwa mwaka 2023, uliwapa wajawazito dozi moja ya azithromaisini wakati wa uchungu. Dawa hiyo ilipunguza maambukizi makali kwa kina mama, lakini haikupunguza sepsisi wala vifo kwa watoto wao.

Marekani hupima wajawazito wote kutafuta bakteria aina ya streptokoka wa kundi B, na imepunguza sana ugonjwa wa mapema unaosababishwa nao. Lakini hata huko, kikokotoo cha kompyuta kilichobuniwa California ili kuamua mtoto yupi apewe dawa kinauliza mambo matano tu kuhusu mama: umri wa mimba, joto lake la juu kabisa, saa zilizopita tangu chupa kupasuka, kama ana bakteria hao na kama alipewa dawa. Uingereza, ambayo haipimi wajawazito wote, hutegemea sababu za hatari kama hizo. Matatu ya kwanza kati ya hayo yanaweza kupatikana katika zahanati yoyote yenye saa ya ukutani, kipimajoto na kadi ya kliniki iliyojazwa vizuri.

Taarifa inayopotelea njiani

Mwanya uko hapa. Taarifa za hatari zimo katika jalada la mama, ilhali anayeugua ni mtoto. Mama akipewa rufaa usiku kutoka zahanati kwenda hospitali ya wilaya, au zamu zikibadilishana asubuhi, au mtoto akipelekwa wodi ya wachanga huku mama akibaki wodi ya wazazi, saa ya kupasuka kwa chupa inaweza kubaki nyuma. Daktari wa watoto anapokea kichanga kisicho na historia.

Kuziba mwanya huo hakuhitaji mkopo wa kimataifa. Kunahitaji kadi ya mtoto iandikwe sababu za hatari kabla hajatoka chumba cha kujifungulia, na msimamizi wa zamu akague kama imeandikwa. Kunahitaji pia wakunga wa kutosha, kwa sababu mkunga mmoja anayehudumia wazazi wengi kwa usiku mmoja hatapata nafasi ya kuuliza wala kunawa mikono kila anapohama kitanda. Hilo ni jukumu la serikali na halmashauri, na haliwezi kutupiwa wauguzi.

Jamii nayo ina sehemu yake. Chupa ikipasuka, familia iangalie saa na kuikumbuka, kisha imwahishe mama kituoni hata kama hasikii uchungu. Na mtoto akiacha kunyonya, asisubirishwe ndani kwa sababu arobaini haijatimia.

Kampeni za miaka mingi zimefanikiwa kumfikisha mama hospitali. Mapungufu ya ndani ya hospitali hayawezi kumalizwa kwa mabango wala matangazo ya redio. Mahali pa kuanzia ni swali moja analopaswa kuulizwa kila mjamzito anapopokelewa, na jibu lake kuandikwa kwa wino: chupa ilipasuka saa ngapi?