Kilti kwa Harusi ya Mchana

Mwezi huu tumechukua barua moja tu, kwa kuwa harusi inayozungumzwa iko karibu na nyumba imeshaanza kugawanyika.

Mama aliyetuandikia anamwoza bintiye kwa kijana Mskoti, mwenyeji wa Nyanda za Juu, si mbali na Inverness. Ndoa itafungwa huko huko kanisani, mwezi wa Juni, saa nane mchana. Bwana harusi atavaa kilti. Baba wa binti amesema hatamkabidhi mtoto wake kwa mwanamume aliyevaa sketi. Wakati huo huo duka la kukodisha mavazi limependekeza makoti meusi yenye vifungo vya fedha na tai za kipepeo kwa wanaume wote, pamoja na baba na kaka wawili wa bibi harusi. Gharama imemshtua mama huyu. Anauliza lipi ni sahihi.

Tuanze na baba, maana koti linaweza kusubiri. Mzee ametaja Kumbukumbu la Torati sura ya 22, panapokatazwa mwanamume kuvaa mavazi ya mwanamke. Lakini kilti ni vazi la kiume. Ni kitambaa cha sufu, mara nyingi yadi nane, kilichokunjwa marinda nyuma na kuachwa bapa mbele, kikafungwa kiunoni na kuishia magotini. Wanaume wa pwani yetu huvaa kikoi na kanzu, na mchungaji atakayewafungisha ndoa atasimama na joho. Hakuna anayewaita wanawake.

Tena kuna jambo ambalo tungependa mama amweleze mumewe wakiwa wawili tu, jioni, baada ya chakula. Waskoti wa Nyanda za Juu waliwahi kunyimwa vazi hili. Walipoasi wakashindwa pale Culloden mwaka 1746, Bunge la London lilipiga marufuku wanaume kulivaa, isipokuwa askari wa Mfalme. Aliyekamatwa alifungwa miezi sita, na akirudia alipelekwa ng'ambo miaka saba. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1782, yaani baada ya miaka 36. Kijana huyu akisimama mbele ya madhabahu na kilti, anasimama na heshima ya babu zake. Baba anayejua hivyo anaweza bado asilipende vazi, lakini hataliona kuwa dharau kwa binti yake.

Sasa makoti. Lile jeusi fupi wanaloliita Prince Charlie, pamoja na tai ya kipepeo, soksi nyeupe na mkoba wa manyoya wenye mnyororo, kwa asili ni vazi la jioni, sawa na suti nyeusi ya karamu. Tunajua kwamba maharusi wengi wa Uskoti hulivaa hata asubuhi, kwa sababu maduka hukodisha seti nzima hivyo, na hakuna atakayewafukuza kanisani. Lakini kwa saa nane mchana kanuni ya zamani ni nzuri zaidi, na sisi tunaipendelea: koti la twidi la kijivu, kahawia au kijani, kizibao chake, shati la kawaida na tai ndefu. Sporani, ule mkoba unaoning'inia mbele, iwe ya ngozi tupu. Soksi ziwe za rangi iliyopoa. Kisu kidogo kinachochomekwa kwenye soksi ni sehemu ya vazi, na sheria ya huko inalitambua hilo, ila mchana si lazima kiwepo.

Koti la twidi ataweza kulivaa tena kanisani Jumapili. La Prince Charlie litangoja karamu nyingine. Wala wasibabaishwe na neno jioni. Mwezi wa Juni kule Inverness jua huzama baada ya saa nne usiku, kwa hiyo vazi la mchana litafaa hadi keki imalizike.

Baba na kaka hawana wajibu wa kuvaa kilti hata kidogo. Suti safi ya baba, aliyoizoea, inatosha. Mama naye avae kitenge chake bila woga. Upande wa bibi harusi nao una kwao. Kaka wakitamani kilti kwa hiari yao, hakuna sheria inayowazuia kwa sababu hawana ukoo kule. Tartani ya Black Watch huvaliwa na watu wa koo zote. Ile ya Balmoral waiache, kwa desturi ni ya jamaa ya kifalme.

Kuhusu kinachovaliwa ndani, utani ni mwingi, na vijana watauleta tu. Sisi tulio wauguzi tunasema hivi: vazi la kukodi limepita kwa wengi, chupi ivaliwe. Viatu vile ambavyo kamba zake huzungushwa juu ya kifundo visikazwe kama bandeji, mguu utakufa ganzi kabla ya viapo. Na akiketi, alaze marinda nyuma kwa mkono, magoti pamoja, kama tunavyowafundisha binti zetu.

Vipimo vitumwe mapema. Kiuno kipimwe kwenye kitovu, si pale suruali inapokaa. Urefu upimwe kijana akiwa amepiga magoti sakafuni, wima, na pindo lisiguse chini. Asijipime mwenyewe, mama ashike utepe.